Wa Nne Kwenye Kona ya Pili

“Huyo wa nne ni nani?”

Aliyeuliza ni Vidole, dada ambaye kazi yake kutwa ilikuwa kucheza gemu lile na kusema wapi limeharibika. Aliuliza bila kugeuka, mdomo umejaa mkate, padi ya kuchezea juu ya mapaja. Chumbani walikuwamo watu wengine watano na hakuna aliyemjibu. Mmoja alikuwa anapigana na feni iliyogoma kuzunguka. Wawili walikuwa wanacheka kitu kwenye simu. Miwani, mwandishi wa programu, aliinua macho, akatazama skrini, akayashusha haraka kama mtu aliyekutana na mkwe wake mahali pasipofaa.

Swali lilikuwa dogo tu. Siku hiyo walikuwa wamepanga madereva watatu kwenye mstari, kwa sababu wa nne hakuwa amechorwa bado. Utepe wa kuanzia mbio ulipopanda, pikipiki zilizochomoka zilikuwa nne. Juu ya ile ya nne alikaa mpanda wa kijivu, hana uso, hana namba mgongoni, hana hata kivuli.

Aliyeacha kutafuna ni fundi wa sauti. Wenzake walimwita Masikio, na hakuchukia, maana ndiyo yaliyokuwa yanamlisha. Kila mlio ndani ya gemu lile ulipita mikononi mwake: injini, udongo ukigonga bati, umati, upepo kwenye helmeti. Ungeweza kumwamsha usingizini akakuambia ni pikipiki ipi inapita. Huu mlio wa nne hakuutengeneza yeye. Na chini ya mlio, mtu alikuwa anahema.

Kwa asiyezijua mbio zenyewe: ni madereva wanne, mizunguko minne, uwanja wa udongo wenye umbo la yai. Pikipiki haina breki. Gia ni moja. Kona zote ni za kushoto, na dereva hazikati, anateleza nazo, gurudumu la nyuma likitupa udongo, mguu wa kushoto uliovalishwa chuma ukikwaruza chini. Tangini hakuna petroli, kuna pombe kali ya viwandani, na injini hulainishwa kwa mafuta ya nyonyo. Ndiyo maana uwanja mzima hunukia kitu kitamu kilichoungua.

“Jamani, huyu anajua,” Vidole alisema. “Mwone anavyolala kwenye kona. Miwani, ni wewe uliyemwandika? Maana hao wako wengine wanaendesha kama wanamfuata mtoto shule.”

Miwani hakucheka.

Mzunguko wa nne, kona ya pili, mpanda wa kijivu alirushwa. Pikipiki ikamlalia. Akajiburuta kutoka chini yake, akasimama, akaanguka, akaanza kubingirika kwenye udongo huku na huku, anajipiga mapaja, anajipiga kifua, na hakuna chochote kilichoonekana kinamgusa.

“Na huyu vipi tena?” Vidole akasema. “Anatuchekesha?”

Hapo harufu ikaingia chumbani, tamu, nzito, ya nyonyo iliyoungua. Yule wa feni alichomoa waya, akaunusa, akautazama kama unamsingizia. Haikuwa feni. Masikio alikuwa amekwisha kusimama, mkate wake chini ya meza, kwa sababu ule mtindo wa kubingirika aliujua. Mdogo wake alibingirika hivyo hivyo.

*

Tuseme ukweli mapema, kwa sababu wapo watakaodai hawakujua.

Miezi michache kabla ya siku hiyo, mkurugenzi wa kampuni aliamua kwamba gemu lake litakuwa halisi kuliko yote yaliyowahi kutengenezwa. Wafanyakazi walimwita Bwana Uhalisia, pale asipokuwapo, kwa kuwa hakuweza kumaliza kikombe cha chai bila kulitaja neno hilo. Akatafuta dereva wa kweli. Akampata kijana aliyeitwa Tiara, kwa vile kwenye kona alilala upande mmoja kama tiara iliyoshikwa na upepo. Tiara alikuwa mdogo wake Masikio, tumbo moja.

Walimpeleka kwenye uwanja wa zamani nje ya mji, uliokuwa umeota nyasi kwenye viti. Wakambandika vitambuzi magotini, mabegani na viunoni, kinasa sauti kwenye bomba la moshi, kingine ndani ya helmeti. Tiara akakimbia mizunguko yake minne, safi kabisa. Mkurugenzi akasema, “Tena.”

Akakimbia. “Tena.”

Jua likawa la utosi. Fundi wa pikipiki akasema mashine ipumzishwe, mpira wa tangi umeanza kutoa jasho. Mkurugenzi akamjibu kwamba jasho nalo ni uhalisia, akajichekea mwenyewe, akasema, “Tena. Ya mwisho.”

Katika hiyo ya mwisho, mzunguko wa nne, kona ya pili, waya wa kitambuzi ulinasa kwenye mnyororo, pikipiki ikamlalia, pombe ya tangi ikammwagikia na kushika moto.

Moto wa pombe ile hauonekani juani. Hauna moshi, hauna rangi. Tiara alipokuwa anabingirika, watu walisimama wakamtazama. Mmoja alitabasamu. Mkurugenzi aliinua mkono akasema, “Msizime mashine. Endeleeni kurekodi.” Ni Masikio peke yake, dada yake, aliyekuwa na hedifoni masikioni, aliyesikia kilichokuwa kinasemwa ndani ya helmeti: “Nimwagieni maji.” Alikimbia na dumu la maji ya kunywa.

Hawakuona moto, sawa. Lakini mtu walimwona. Hivi binadamu anatakiwa akuletee miali mkononi ndipo uamini kwamba anaungua?

Kampuni ilipeleka maua hospitali. Mkurugenzi alikaa sebuleni kwa mama yao, mkono kifuani, akaapa kwamba yote yaliyorekodiwa siku ile yamefutwa. Tiara akarudi nyumbani na bandeji mikononi na kifuani. Madaktari walisema koo lake ni zima. Lakini tangu siku hiyo hakuwahi kutoa neno.

*

Mchana ule ule wa swali la Vidole, mama alipiga simu.

“Ukitoka pitia dukani ulete dawa ya mdogo wako. Mkono umefanya lengelenge jipya.”

“Amemwagikiwa na chai?”

“Na nani? Alikuwa amekaa dirishani, anaangalia barabara. Kidonda kilikuwa kimekauka, mwanangu. Nimekiona kikiinuka.” Mama akashusha sauti. “Na chumba kinanuka nyonyo. Mimi nyonyo situmii.”

Masikio hakutaka kuyaunganisha. Nani angetaka? Kesho yake yaliunganishwa mbele yake.

Mkurugenzi alileta wageni wawili waliotaka kulisambaza gemu nchi nyingine. Aliwaketisha mbele ya skrini kubwa, akawawekea viti vile vya kuzunguka, akampokonya Vidole padi kwa tabasamu. Masikio alikuwa koridoni, simu sikioni, anamuuliza mama kama lengelenge limetulia. Kupitia ukutani akasikia utepe ukipanda na injini zikichomoka, tatu alizozitengeneza yeye na moja ambayo hakuitengeneza, na kupitia simu akasikia mama akisema, “Hebu subiri, mbona anashika kiti hivi, mbona analala upande,” na ukutani mzunguko wa pili ukapita, na wa tatu, na mama akasema Tiara amefumba macho na anahema kama mtu anayekimbia, akiulizwa hajibu, na Masikio akaanza kukimbia kuelekea mlangoni akijua kabisa ni kona ipi inafuata, akijua kwa masikio yake yale yale, na kabla mkono haujafika kwenye kitasa akasikia vitu viwili kwa pamoja, ukutani mlio wa chuma kikianguka, na kwenye simu mdogo wake, ambaye hakuwa ametoa sauti kwa miezi, akiguna mguno mrefu wa mnyama, na mama akiita jina lake alilopewa alipozaliwa, taratibu, tena na tena, kama anayeogopa kumwamsha.

Ndani ya chumba, wageni walikuwa wanapiga makofi.

“Hilo anguko,” mmoja alisema. “Hilo peke yake linauza. Turudie?”

“Tena,” Mkurugenzi akasema, akabonyeza.

Masikio alichomoa waya wa skrini ukutani.

*

“Umeniaibisha,” Mkurugenzi alisema wageni walipoondoka. Alikuwa ameketi nyuma ya meza yake, juu yake sanamu ndogo ya pikipiki ya shaba.

“Wa nne ni mdogo wangu.”

“Wa nne ni data.”

“Uliapa mbele ya mama yangu kwamba umeifuta.”

“Niliapa kwa nia njema.” Aliinua mabega. “Miwani, mweleze. Mimi si mtu wa ufundi.”

Miwani alikuwa amesimama mlangoni, anafuta miwani ambayo haikuwa chafu. Alieleza kwa sauti ya chini. Wakati wanasubiri mpanda wa nne achorwe, alihitaji kitu chochote cha kushikia nafasi kwenye mstari. Akachukua rekodi ya mwisho ya Tiara, mwendo na sauti, akaiweka, akisema ataitoa baadaye. Kila mtu katika kazi ile husema ataitoa baadaye. Halafu kwa kuwa rekodi iliishia kwenye anguko, aliiandikia kwamba ikifika mwisho irudi mwanzo.

“Kwa hiyo anaanguka, anaamka, anaanza upya,” Masikio alisema.

“Ndiyo.”

“Hamalizi hata siku moja.”

“Rekodi haina mwisho wa mzunguko wa nne,” Miwani alinong’ona. “Hakuumaliza.”

“Na kwenye mpango wa leo uliwapanga watatu. Wa nne ulimzima.”

“Nilimzima tangu wiki iliyopita, kabla Vidole hajamwona.” Alivaa miwani, akaivua tena. “Sijui anatokea wapi. Ndiyo maana sikumjibu Vidole.”

Mkurugenzi alicheka kidogo. “Kijana alisaini. Mwendo wake, sauti yake, jasho lake, vyote ni vya kampuni. Mnataka nifanye nini, niandike kwenye boksi kwamba mtu aliungua? Ingawaje,” akajikuna kidevu, “ingeuza.”

Masikio hakupiga kelele. Waliokuwapo wanasema ingekuwa afadhali angepiga. Alimtazama mtu yule aliyevaa shati lililopigwa pasi na mtu mwingine, akamwambia polepole, “Bosi, mama yangu anamfunga bandeji kila ukibonyeza kitufe. Usikibonyeze.”

“Unasikia unachosema?”

“Ninasikia. Ndiyo kazi yangu.”

*

Miwani aliifuta rekodi mchana huo huo, mbele ya Masikio. Akaifuta na nakala yake. Wakawasha gemu, madereva watatu, utepe ukapanda, na zilizochomoka zilikuwa nne.

Umeme ulikatika. Si jambo la ajabu, hukatika. Skrini ya Vidole ikazimika, ya Miwani ikazimika, feni ikasimama. Wakabaki wanatazamana katika mwanga hafifu wa dirisha.

“Mbona bado ninasikia injini?” Vidole akauliza.

Ilitoka kwenye chumba cha sauti, kile kisicho na dirisha, chenye kuta za sponji. Masikio aliingia kwa kuwa kilikuwa chumba chake na hakuwa tayari kumwachia mtu. Giza humo lilikuwa la kugusa. Hedifoni zilikuwa mezani zinaimba peke yake, waya wake umechomoka, unaning’inia bure, na alipozisogeza karibu na sikio, si kuzivaa, kuzisogeza tu, akasikia uwanja mzima umo ndani, viti vyenye nyasi, upepo, bendera ikipigwapigwa, na pikipiki moja ikizunguka kwa mbali, ikija, ikilala kwenye kona ya kwanza, ikinyooka, ikija, na yule anayehema akihema sawasawa na yeye, akivuta anapovuta, akitoa anapotoa, hata alipojaribu kubana pumzi ili amkamate, naye akabana, kukawa kimya, kimya kirefu cha watu wawili wanaosikilizana, kisha ikaja sauti ya mdogo wake, lakini ikiwa imevaliwa na kitu kikubwa kuliko yeye, kama nguo ya mtoto iliyolazimishwa kwenye mwili wa mtu mzima, ikasema karibu kabisa na ngozi yake, kwa adabu:

“Dada, ni tena, au basi?”

Aliziachia. Kiganja chake kilikuwa kimebabuka, na hakuna moto uliokuwa umeonekana.

*

Baada ya siku hiyo hakuna aliyekubali kuingia ofisini peke yake. Mkurugenzi aliwaita wajinga, wasomi wazima wanaogopa spika. Aliendelea kuwaita hivyo mpaka asubuhi moja mkono wa shati lake ulipoanza kukunjamana na kuwa mweusi akiwa mezani kwake, bila moshi, anautazama. Akaja kwa Masikio anashika mkono.

“Yule mama mganga mnayemsema,” alinong’ona. “Mwambieni aje. Ila isitoke nje.”

Yule mama aliitwa Sista, kwa sababu alikuwa muuguzi wa wodi ya walioungua kabla ya kuwa mganga. Alikuja mchana, jua limewaka, na kikapu chenye chupa ya maji, chetezo na kandambili za kubadilisha. Aliagiza Tiara aletwe. Mama alimleta akimshika kiwiko, mahali pasipo kidonda. Vidole alipomwona aliinuka akampa kiti chake, kisha akasimama ukutani analia bila sauti, kwa maana alikuwa amemtazama mtu yule akibingirika, anakula mkate.

Mkurugenzi alitoa simu na kuielekeza kwa Sista.

“Weka chini hiyo,” Sista alisema.

“Ni ya kumbukumbu tu.”

“Baba, kumbukumbu zako ndizo zimetuleta hapa. Weka.”

Aliiweka. Sista alitia ubani, akaketi mbele ya skrini iliyozimwa, akavuta miguu vizuri kama mtu aliyekwenda kuposa.

“Karibu,” aliiambia skrini. “Hatujaja kukufukuza kama mbwa. Wewe ni nani, na nani kakuleta?”

Harufu ya nyonyo ilijaa. Spika zilikoroma. Skrini haikuwaka, lakini ndani ya weusi wake walimwona mpanda wa kijivu amekaa juu ya pikipiki, amesimama kwenye mstari, anasubiri.

“Nilikuwa pale kabla ya uwanja,” sauti ilisema. “Waliponiletea moto usio na moshi, nilifurahi. Ni wa kwetu.”

Sista alitikisa kichwa. “Ndivyo mlivyoumbwa,” alisema. Akawageukia waliosimama. “Majini waliumbwa kwa moto usio na moshi, hilo mlifundishwa wote utotoni. Nyinyi mkaujaza kwenye tangi, mkaupeleka nyumbani kwao, mchana wa jua kali.” Akarudi kwenye skrini. “Sasa kijana huyu kakukosea nini?”

“Hakunikosea. Anaendesha vizuri. Nilipanda naye.”

“Basi mbona unamuunguza?”

“Siunguzi. Ninatii.” Injini ikaunguruma kidogo, kama mtu anayesafisha koo. “Aliyekuja na watu alisema tena. Nikarudia. Akasema tena. Nikarudia. Mpaka leo anasema. Wengine husema mara tatu wakachoka. Huyu hachoki.”

Wote walimtazama Mkurugenzi. Alikuwa amesogea mpaka mlangoni.

“Mimi nilikuwa ninaagiza kazi,” alisema. “Ni lugha ya kazi tu.”

“Mwambie basi,” Sista alimwambia.

“Nimwambie nini?”

“Neno lenyewe. Basi. Aliyeanzisha ndiye anayefunga. Mwambie inatosha, ammalizie kijana mzunguko wake, aende zake.”

Hapo kila mtu aliona kitu ambacho si rahisi kukiamini: mtu yule, shati limeungua mkono, jini mbele yake, mama wa kijana akimtazama, alikuwa anapiga hesabu. Walimwona macho yakienda kwenye skrini, kwa mpanda wa kijivu, kwa namna alivyokaa, bega lilivyoshuka, kitu ambacho hakuna mchoraji angekipata.

“Akienda,” alisema, “anaondoka na ule mwendo wote?”

Mama alinyanyuka. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwendea, akamshika ukosi wa shati kwa mikono miwili kama anayemvalisha mtoto tai, akamwambia chinichini, “Sema basi, mwanangu, kabla sijakuwa mtu mbaya.”

“Basi,” Mkurugenzi alisema. “Basi. Inatosha.”

Skrini ikawaka.

Sista aliinua padi ya kuchezea akampa Tiara. Vidole vyake vilikuwa vimeshikamana viwili viwili kwa makovu, lakini viliijua kazi. Utepe ukapanda. Hakukuwa na wengine uwanjani, yeye tu. Mzunguko wa kwanza alitetemeka. Wa pili alilala upande kitini, na mama akalala upande uleule bila kujua. Wa tatu spika zilikuwa zinahema na yeye anahema. Wa nne, kona ya kwanza. Kisha ile ya pili, na Masikio alisikia waya ukinasa kwenye mnyororo, alisikia dhahiri, tiki, na akaona kiganja cha mdogo wake kikibana, mguu wake wa kushoto ukikwaruza sakafu ya ofisi, na pikipiki ikateleza, ikateleza mno, ikafika pale pa kuangukia, ikapapita.

Aliponyooka na kuvuka mstari, spika zote zilitoa pumzi moja ndefu. Mpanda wa kijivu alivua helmeti. Ndani hakukuwa na kitu ila hewa inayotetemeka, kama juu ya barabara wakati wa jua. Halafu hakukuwa na hewa.

“Maji,” Tiara alisema.

Sauti yake ilikuwa kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Sista alimpa chupa. Akanywa yote. Kisha akamgeukia Mkurugenzi, akasema neno lake la pili, ambalo halifai kuandikwa hapa, na mama, aliyemlea kwa adabu zote, akasema, “Rudia, hakusikia vizuri.”

*

Ingekuwa hadithi ya kulala ingeishia hapo.

Masikio aliacha kazi siku ile ile. Miwani naye aliacha, baada ya kufuta kila alichokijua. Tiara alianza kusema, kwanza neno moja moja, baadaye alikuwa anabishana na dada yake kuhusu nani amalize sabuni. Vidonda vikakauka.

Gemu likatoka. Kwenye boksi kuna picha ya uwanja wa udongo na madereva wanne. Watatu wana nyuso.

Mkurugenzi alikuwa na nakala nyingine. Aliiweka mbali, kwenye jengo ambalo Miwani hakulijua, kwa sababu watu wa aina yake neno “basi” hulisema kwa mdomo tu. Alipoulizwa, alisema wateja wanapenda anguko. Tena si yeye anayebonyeza, alisema. Hilo ni kweli. Hakuna siku amebonyeza tangu hapo. Ukishindwa katika gemu hilo, kinakuja kitufe kikubwa chekundu katikati ya skrini, kimeandikwa neno moja, TENA, na wanaokibonyeza ni maelfu ya watu wasiomjua Tiara, kwenye sebule zao, na hakuna mganga anayeweza kuwafuata mmoja mmoja awaambie waseme basi.

Siku nyingine Tiara hushinda vizuri, anaimba bafuni. Siku nyingine, watu wakiwa hawaendi kazini na watoto hawaendi shule, huamka na harufu ile chumbani, akakaa dirishani hajibu, ameshika kiti kwa mikono miwili, analala upande wa kushoto. Mama huleta beseni na kitambaa. Masikio hukaa karibu yake, hana hedifoni, anasikiliza kwa masikio matupu, na akisikia pumzi inapanda anajua kuna mtu mahali fulani ameingia mzunguko wa nne.

Huenda ni wewe. Huenda ulinunuliwa zawadi, hukujua. Kama unalo gemu hilo nyumbani, na ukamwona yule wa kijivu akija nyuma yako kwenye kona ya pili, tafadhali usimzibe. Mpishe amalize, kisha uzime.